Masaa Matatu ya Mpakani

Baba yangu uliye Nakuru,

Ile kalenda bado ipo. Mama aliposema tupunguze vitu kabla ya kuhama kutoka Najma kwenda Al Thumama, hapa hapa Doha, niliitoa ukutani kwa mikono yangu nikaizungushia leso ili isikunjike. Ni ya mwaka wa 2014 na tarehe zake hazina kazi tena, lakini mwezi wa tatu bado una mji wa Innsbruck wenye nyumba ya paa la dhahabu, na mwezi wa kumi una Bolzano, wenye barabara ya kale ambayo watu hutembea chini ya matao bila kunyeshewa. Ulipewa kalenda hiyo kwenye duka la vipuri, ukaileta nyumbani umeibana kwapani kama gazeti.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko na ya ibada huku, tumetoka kanisani, mama anapika. Ulikuwa ukipekua zile kurasa, ukasimama.

"Mama," ukaniita, kwa sababu nina jina la mama yako na hujawahi kuniita vingine, "hebu angalia kwa kompyuta. Kutoka huu mji wa mwezi wa tatu hadi huu wa mwezi wa kumi ni kilomita ngapi?"

Nikaangalia. Mmoja uko Austria, mwingine uko Italia, na katikati kuna milima. Kama kilomita mia moja na ishirini. Ukacheka sana.

"Hiyo tu? Si hiyo ni kama kwenda Abu Samra na kuongeza kidogo?"

Wakati huo uliendesha lori la mboga. Kila Jumapili ulivuka mpaka wa Abu Samra kuingia Saudia, ukarudi na nyanya na matango. Ukasema maisha yako yote umeendesha ukiwa umebeba vitu vya watu, na ungependa barabara moja tu ambayo hubebi kitu. "Wewe utasoma ramani," ukaniambia. "Mimi nitashika usukani na kunyamaza."

Mama akauliza kutoka jikoni, "Na mkipotea?"

"Tutauliza."

"Kwa lugha gani, Baba Nyambura?"

"Kwa honi."

Tangu siku hiyo, Ijumaa zetu zilikuwa na daftari. Tulichagua barabara ya zamani inayopanda polepole kupitia vijijini, si ile kubwa, kwa sababu ulisema kwenye barabara kubwa mtu huona migongo ya malori tu, na hiyo umeiona ya kutosha. Niliandika kila ulichonitajia. Katoni mbili za maji. Turubai la kivuli, gari likiharibika mahali pasipo mti. Nakala sita za pasipoti, maana afisa akikosa nakala anakurudisha mwisho wa foleni. Barua ya mwajiri yenye muhuri. Chapati na mayai ya kuchemsha. Na katikati ya ukurasa, kwa maandishi yangu ya darasa la sita: "Mpakani, masaa matatu."

Nilikuuliza kwa nini mengi hivyo. Ukaniambia, "Abu Samra ni matano, na hapo ni siku nzuri. Hao nimewapunguzia."

Hukujua kwamba masaa hayo ndiyo niliyoyapenda kuliko milima. Ni kwenye foleni ndipo ulipokuwa ukinipigia simu. Nikitoka shule Jumapili, nilikaa karibu na dirisha na kungoja. "Niko wa arobaini," ungesema. "Soma." Nami nilikusomea insha yangu, ukaisikiliza yote, kisha ukauliza, "Huo mto umeuona wapi Doha, mama? Andika ulichokiona." Halafu ungesema, "Ngoja, wamesonga. Usikate." Nilisikia injini ikinguruma, lori likisogea kidogo, breki ya mkono ikivutwa, na sauti yako ikirudi pale tulipoachia. Karibu yote ninayoyajua juu yako niliyasikia hapo, lori kwa lori. Kwamba ulitaka kuwa mpima ardhi. Kwamba nyanya aliuza ng'ombe wake mweusi ili upate leseni, na siku uliyofaulu alikuzunguka akikukagua kana kwamba wewe ndiye gari.

Saudia ilipogombana na Qatar na kufunga mpaka mwaka wa 2017, nilifurahi kwa siku mbili. Sijawahi kukuambia. Nilidhani sasa utakaa nyumbani. Sikuelewa kwamba kampuni isiyo na barabara haina haja na dereva. Kibali chako kikafutwa, ukaondoka na begi moja na ile chupa yako ya chai. Mama alibaki kwa sababu kazi yake ya hospitali ilibaki, nami nilibaki kwa sababu ya shule. Kwenye uwanja wa ndege ulisema, "Daftari litunze."

Nimelitunza. Muhula huu, mwalimu wetu wa jiografia, Bi Nakato, alitutaka kila mmoja aeleze safari moja ya kuvuka mpaka. Nilipeleka yetu. Nilichora milima na mito, nikaweka paa la dhahabu kwa rangi ya manjano. Nilipofika kwenye masaa matatu, aliniuliza kwa upole, "Mpakani mnafanya nini muda wote huo, Nyambura?" Nikasema foleni. Msichana mmoja ambaye amewahi kufika huko akaanza kucheka, na darasa likamfuata. Baba, pale hakuna foleni. Kuna kibao tu kando ya barabara. Magari yanapita bila kupunguza mwendo, na mtu akiwa amelala anaamka yuko nchi nyingine.

Niliona aibu. Nilichukua kifutio nikaanza kufuta, na nilipofika kwenye neno "masaa" mkono ukagoma. Haikuwa aibu ya kukosea. Ilikuwa kama nafuta sauti yako.

Kisha Ijumaa iliyopita ulipiga simu kutoka dukani kwa Baba Mdogo. Nilisikia mashine ya kujaza upepo ikipiga kelele nyuma yako. Nikakuuliza juu ya leseni, kwa kuwa najua inaisha mwezi wa nane. Ukasema hutaihuisha, ya nini, unajaza matairi ya wenzako na inatosha. Ukasema, "Hiyo kalenda mpe mtoto yeyote akate picha, mama. Mimi na barabara tumeachana." Nikajibu "sawa", kwa sababu nimefundishwa kutobishana nawe. Nimelala na hiyo "sawa" wiki nzima, na ndiyo sababu naandika.

Si sawa, baba. Nakuomba uhuishe leseni. Siahidi kwamba tutakwenda mwaka huu, wala ujao. Nina miaka kumi na sita na sijui hata nitasomea wapi. Lakini ramani ninaisoma vizuri sasa, na siwezi kuisomea kiti kitupu.

Turubai nimeliondoa kwenye orodha, na katoni moja ya maji. Barua ya mwajiri pia, kwa kuwa hakuna atakayeiuliza. Masaa matatu nimeyaacha palepale. Tukifika kwenye kile kibao, utaegesha kando, upande wa nchi yoyote utakayopenda, tutatoa chapati na mayai, nami nitakusomea nilichoandika tangu uondoke. Ni kingi. Foleni itakuwa ya gari moja tu.

Mama ananiita tubebe maboksi, gari la kuhamia limefika chini. Ngoja kidogo, baba, wamesonga. Usikate.

Binti yako,
msoma ramani.