Issa kwenye Mkeka wa Ufuta

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku Mkotokuyana. Tu wazima, na ufuta umekomaa.

Umeniuliza kama umfungie mwanao Rajabu ndani, maana miguu inamlegea na watu wanamtazama. Daktari kasema utando unaofunika mishipa ya fahamu unaharibika, na ugonjwa umepitia kwetu akina mama. Nina hofu, sikufichi. Ila usijilaumu, hakuna aliyechagua.

Kaka yangu Issa alikuwa hivyo hivyo. Tulidhani karogwa, tukamficha chumbani. Msimu mmoja wa ufuta tukapungukiwa na watu, baba akampakia kwenye baiskeli mpaka shambani, akamkalisha mkekani. Tukawa tunampa matita yaliyokauka, anayageuza kichwa chini na kuyapiga fimbo, punje zinamwagika. Mimi nilikaa pembeni yake, nimeanza kuchoka, ndipo Issa akanigeukia:

"We dada, unapiga ufuta au unaubembeleza?"

Shamba zima likacheka. Jirani akasema, "Haya, msimamizi kafika!"

Mama akageuka upande, akajifuta macho kwa khanga. Sauti ile tulikuwa hatujaisikia siku nyingi. Kumbe kule chumbani hakuwa na wa kumtania! Tangu hapo hatukumwacha nyumbani, hata mikono ilipomwishia nguvu alikuja kutucheka tu.

Basi kliniki usikose, mama. Shule zikifungwa mlete kitukuu changu. Mkeka nimeshausuka, na fimbo nimemtafutia nyepesi.

Bibi yako anayekuombea,
Somoe