Wamepitisha barabara juu ya kaburi la Theodora

Jacob, wamepitisha! Barabara inakatiza kihamba changu, shamba letu la ukoo, juu ya kaburi la mke wangu!

Si unajua hao wakubwa hawapandi huku mlimani, kikao wanafanyia kwenye simu. Nikavaa zile hedifoni za bluetooth alizoniletea binti yangu Stella. Nawasikia vizuri, wao hawanisikii!

Nikazitoa, nikafuta maiki, nikavaa tena. Wapi! Mwenyekiti anasema, "Mzee Elisaria kanyamaza, basi amekubali." Amekubali! Na mimi napiga kelele mpaka ng'ombe kashtuka zizini!

Nilipozima bluetooth ndipo sauti yangu ikatoka. Mwenyekiti akanijibu, "Mzee wangu umechelewa, tumeshapitisha."

Nimemwambia greda likija kesho litanikuta nimekaa pale kaburini.

Njoo na kigoda chako, Jacob.