Goti Langu na Sanduku la Mpunga

Jumapili. Mkuyuni kumenyesha tangu alfajiri. Kanisani sikwenda, na siisingizii mvua. Nimeona haya.

Jana alikuja Kabula kutoka Sengerema, alikohamia na mama yake walipotoka kijijini kwetu. Alinikuta nachambua mchele, akanishika mikono, akaniambia mama yake anataka kuwagawia wanawe mpunga wa mwaka huu kabla hawajaanza kugombana, na mpimaji anayemtaka ni mimi tu. "Mama anasema kijiji kizima ni wewe peke yako hukuwahi kumpunja mtu, dada Tereza."

Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka.

Enzi za Ujamaa, kijijini kwetu upande wa Misungwi, tulikuwa na mtaalamu wa mpunga kutoka China. Kwenye mgawo tuligombania debe kila mwaka: huyu kajaziwa kilima, yule kapewa pungufu. Mtaalamu akamwagiza seremala atengeneze sanduku la mbao kama la kwao, linaitwa dou. Linabeba vipimo vidogo kumi, kila kimoja sheng, na dou mbili zinakaribia debe letu. Ukishajaza unapitisha ufito juu, kinachozidi kinaanguka. Manung'uniko yakaisha. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nikachaguliwa kupima.

Kumbe sanduku lina siri yake, na niliijua siku ileile ya kwanza. Ukiligonga kwa goti, mpunga unashuka, unaongeza karibu sheng nzima. Ukimimina taratibu bila kuligusa, punje zinakaa kwa maringo, katikati nafasi tupu kibao. Ufito unapita palepale, hakuna anayeona kitu.

Zamu ya mama yangu niligonga. Zamu ya Mama Kabula, mjane wa watoto wanne, nilimimina polepole. Kisa? Alinisema mkutanoni kwamba natoroka shamba la pamoja. Na kweli nilikuwa natoroka!

Mgawo wake ulikuwa dou ishirini. Nilimpunja karibu debe zima, naye akanishukuru.

Mpunga mpya haujachanua bado, wa kwao ukaisha. Nilimwona yeye na Kabula, wakati huo mtoto wa miaka tisa, wakienda kulimia watu ili wapewe chakula. Kwetu kulikuwa na gunia ndani. Nilinyamaza, nikajiambia mbona ufito ulipita sawa kwa wote.

Miaka yote hii nimeungama wivu, uvivu, masengenyo. Goti sijawahi kulitaja.

Nimeshamjibu Kabula kwamba Jumamosi nitavuka na kivuko cha asubuhi. Nimepanga kusema mbele ya wanawe wote, kabla sijapima hata punje moja. Naogopa, sitaki kujidanganya. Yule mama amepita miaka themanini, na katika watu wote wa kile kijiji anayemwamini bado ni mimi tu.

Sasa najiuliza: nakwenda kumrudishia haki yake, au nakwenda kumpunja mara ya pili ili mimi nipate usingizi?