Basi la Ijumaa

Dakota Kaskazini
9 Januari

Mama mpendwa,

Vipi kifua chako? Mwanao ni mzima, ila mikono imechubuka. Huku mafuta yanachimbwa hata baridi ikipasua chuma, na mimi nabeba mabomba tangu jua halijatoka hadi limezama. Nikirudi nalala na buti miguuni. Usicheke.

Josie amenipigia simu kutoka mjini kwa mama yake. Anasema umeshampa beti zote za wimbo wa mvushaji isipokuwa wa mwisho, na humpi huo mpaka azibebe zile nyingine bila kujikwaa. Mama, mtoto ana miaka kumi na moja, unamfundisha kama unamwapisha! Lakini nimefurahi. Tangu mimi na mama yake tuachane, Ijumaa kwako ndiyo siku pekee mtoto anakuwa wetu.

Ndiyo maana nauliza: ni kweli Bunge la jimbo linataka kufuta fungu la sanaa? Si ndilo linalolipia basi la kuwaleta watoto bondeni, na nyuzi za fidla, na makaa ya jiko pale shule ya zamani unapowafundishia? Mbane Burl Stidham. Mbunge wetu huyo, marehemu Baba ndiye aliyemfundisha kushika fidla.

Mwanao,
Arlis


Laurel Fork
30 Januari

Mwanangu Arlis,

Barua imefika, ahsante. Kikohozi bado ninacho, nimekizoea kama jirani mgomvi. Mikono ipake mafuta ya nguruwe kabla ya kulala. Na buti uvue.

Ni kweli. Burl alipita hapa Jumapili, akala maharage na mkate wa mahindi, sahani mbili. Nikamwambia, "Burl, kabla ya uchaguzi watu wa sanaa walikuuliza msimamo wako kwa maandishi. Ukajibu unaunga mkono."

"Msimamo wangu ni uleule, Shangazi Delphia. Lakini wakubwa wa chama wamenibana. Daraja la hapa kwetu au fidla, nichague."

"Na wewe umechagua nini?"

"Nisogezee siagi, Shangazi."

Hayo ndiyo majibu niliyopata. Mtu akiwa mezani kwangu sigombani naye, unanijua.

Kamati itakaa mwezi ujao, na kila mwananchi anapewa dakika mbili. Nitakwenda. Hotuba siziwezi, nitawaimbia wimbo wa mvushaji wajue watoto wanafundishwa nini. Wewe ulikuwa unausinzilia mapajani mwangu. Wao sijui.

Mama yako


Dakota Kaskazini
27 Februari

Mama,

Salama huko? Mbona kimya? Redio imesema fungu limefutwa. Simu hupokei. Niandikie japo mstari mmoja.

Arlis wako


Laurel Fork
11 Machi

Mwanangu,

Nisamehe. Nazidi kukohoa, lakini si kikohozi kilichoninyamazisha.

Nilivaa gauni la kanisani nikaenda kwenye kamati. Walionitangulia walisema vizuri. Mbunge mmoja, mama wa mjini, alisema sanaa inaleta wageni na kazi. Mzee wa upande wa tambarare akamjibu, "Watu wangu wanataka zahanati, hawataki fidla." Sikumchukia. Hata mimi nataka zahanati.

Kisha nikaitwa. Nikauanza wimbo mwanzoni, maana ndipo wimbo unapoanzia. Ukumbi ulitulia, Arlis. Hata waliokuwa wakichezea simu waliziweka chini. Msichana wa kwenye wimbo bado yuko ukingoni mwa mto anamwita mvushaji alete mashua, kengele ikalia. Dakika zimekwisha.

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, tukilifuta fungu hili, utaacha kuimba?"

Ningejibu nini? Unajua tulivyolelewa. Mtu wa bonde hili haombi malipo ya wimbo. Nikanyoosha shingo: "Sijapokea hata senti kwa kuimba, na sitapokea."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia wenyewe."

Makofi tena. Burl alikuwa anatazama kalamu yake.

Nilikuwa nimekaribia kiti changu nilipolikumbuka basi. Sikulitaja. Wala nyuzi, wala makaa. Nikageuka, lakini alikuwa ameshaitwa mwingine. Kura ilipopigwa, Burl alikwenda na wakubwa.

Ijumaa basi halikuja. Nilikuwa nimeshawasha jiko.

Tangu hapo sijaimba. Kila nikifungua mdomo nasikia makofi yale.

Mama yako


Dakota Kaskazini
2 Aprili

Mama yangu,

Natumaini unapata nafuu. Mimi hasira zimenifanya nidondoshe bomba, nusura nivunje mguu wa mwenzangu. Yeye ni wa Texas. Nilipomsimulia habari ya Burl akasema, "Mbunge ni jogoo wa jirani: anawika kwako, analala kwake." Wote tukacheka. Mimi nikacheka kidogo.

Usijilaumu. Ulijibu ulichoulizwa. Wao ndio waliouliza walichotaka.

Nimeomba ruhusa, msimamizi kasema mpaka Juni. Mama yake Josie hana gari la kupanda huko. Basi fanya hivi: mwimbie mtoto kwa simu huo ubeti wa mwisho. Au uandike nimpelekee. Nakuomba.

Mwanao,
Arlis


Laurel Fork
20 Aprili

Arlis mwanangu,

Simu iliita, nikaipokea. Josie alisema "Bibi, nipo tayari." Nikashindwa. Nilifungua mdomo nikasikia makofi yale yale.

Na karatasini sitauweka. Mimi nilipewa na mama yangu goti kwa goti, ameushika mkono wangu anautikisa taratibu. Kwenye ubeti wa mwisho, mkono ndio unaokuambia pa kushusha sauti. Njoo Juni, uje naye. Kwake yeye nitajaribu.

Kifua kimekuwa kizito kidogo. Usihangaike.

Mama yako


19 Mei

Baba,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo. Najua kazini walikukatalia ruhusa hata ya mazishi. Sijakukasirikia.

Bibi tumemlaza kilimani karibu na Babu. Daraja hawajaanza hata kuchimba, kwa hiyo wanaume walivuka kijito kwa miguu, jeneza mabegani. Burl Stidham naye alibeba. Suruali ililowa mpaka magotini.

Mchungaji akauliza nani ataimba. Nikasimama. Nilizibeba beti zote alizonipa bila kujikwaa, Baba, hata mara moja. Nikafika pale msichana anapoita mara ya mwisho, nikanyamaza. Watu wakangoja. Burl alikuwa amevua kofia, analia. Akaninong'oneza, "Endelea, binti."

Nikamwambia, "Sina zaidi ya hapo. Basi liliacha kuja."

Baba, wewe uliusikia ukiwa mdogo. Mvushaji alikuja?

Mwanao,
Josie


Dakota Kaskazini
30 Mei

Josie mwanangu,

U mzima? Mimi nipo. Barua yako naisoma kila nikivua buti. Bibi yako alisema nizivue.

Nimekaa kitandani nimeushika mkono wangu mwenyewe, nautikisa taratibu kama yeye. Sauti yake naipata vizuri, mpaka pale msichana anapoita. Baada ya hapo napata joto la paja lake, na harufu ya makaa.

Nilikuwa nimeshalala, mwanangu.

Baba yako