Uvimbe Wangu si Mkaidi

Ndugu yangu, safari hii sijatia chumvi hata punje. Naapa kwa cherehani yangu.

Unakumbuka nilimwambia daktari vidonge vya saratani nameza vyote, na uvimbe wa huku nyuma, kwenye njia ya haja, haupungui? Basi akakata kipande kidogo cha uvimbe, akapeleka maabara watafute alama za vinasaba za uvimbe usiosikia dawa.

Leo majibu. Nimeingia kifua mbele: "Daktari, huu wangu jabari! Dawa zinaukimbia!"

"Alama hizo hazipo, mzee. Uvimbe wako si mkaidi."

Si mkaidi! Nikamgeukia mke wangu, niliyekuja naye, anitetee.

Naye akafungua mkoba, akamwaga mezani vidonge vyote nilivyoficha kwenye kopo la vifungo. "Mkaidi ndiye huyu."

Nikawaka: vinaunguza viganja, sindano haishikiki, na fundi asiyeshika sindano ni fundi gani?

"Ungesema, ningekupunguzia dozi," daktari akajibu. "Sasa tunaanza upya, na tuombe tusifike kwenye kisu."

Radhi sikuomba, ng'o! Ila vya leo nimemeza mbele yao, kisha nikaambiwa nipanue mdomo, nikakaguliwa kama punda mnadani.