Redio ya Masikio Mawili

Jumapili, 4 Septemba 1988

Kanda ya Bakari imefika leo baada ya adhuhuri. Salim wa Mtongwe kaileta mwenyewe. Yuko likizo, anarudi Jedda Alhamisi ya tarehe kumi na tano. Tumekaa kama kawaida: Mzee kitini mbele ya redio, Mama mkekani, majirani mlangoni, mimi nyuma karibu na jiko. Redio imeitafuna kanda mara mbili. Mzee kaizungusha kwa kalamu, tukaendelea.

Mume wangu husalimu kwa zamu. Babake, mamake, ami zake, kisha majirani kwa majina. Mimi wa mwisho. "Na Mwanasha naye namsalimu, na mtoto." Basi. Miaka minne sasa ni hivyo. Simlaumu. Angesema nini na babake kakaa pale anasikiliza?

Ila leo kuna jambo. Mkataba wake unaisha na tajiri wake anampa mwingine, miaka miwili. Atatia sahihi mwisho wa mwezi, inshallah, ili nyumba ipate paa. Mzee alifurahi mpaka akataka kanda irudishwe asikie tena. Mama akasema Alhamdulillahi. Nami nikasema Alhamdulillahi. Uongo mtupu.

Zuhura ana miaka mitatu na nusu. Hajawahi kumwona babake. Ukimuuliza baba yuko wapi, anaonyesha redio.

Siitaki hiyo miaka miwili. Sitaki hata nusu yake.


Jumatatu, 5 Septemba

Sikulala vizuri. Nimefikiri hivi. Barua haifai, Bakari husomewa barua na wenzake wa chumbani. Jumapili ijayo tutajaza kanda ya majibu hapa sebuleni, kwa zamu ileile, na mimi nitasema sijambo, mtoto hajambo, na Mzee atazima.

Salim ana redio ndogo ya kaseti, wokmani, ya kuning'iniza kiunoni, na vya kuweka masikioni. Husikii kitu ukikaa kando yake. Asema Jedda kila mtu anayo, hata Bakari. Nimemuuliza kama inashika sauti. Yake haishiki. Asema ziko zinazoshika, zina kitufe chekundu, ila ghali.

Naitaka hiyo. Nitaongea peke yangu, niitie kanda katika mfuko wa kanzu ninayomshonea Bakari, Salim amfikishie. Pesa ni zangu, za cherehani. Sharti isitafune kanda, isimalize mawe ya betri kwa siku moja, na ishike sauti yangu sawasawa. Nafasi ni moja na msafiri ni mmoja. Ikiharibika sina pengine pa kushika.


Jumanne, 6 Septemba

Nimenunua! Pale karibu na feri, Likoni, kwa kijana anayepanga vitu juu ya turubai. Nyekundu, mpya, inang'aa, na ina redio ndani. Alinitilia taarabu masikioni, fidla ikalia utadhani mpigaji kakaa begani kwangu. Nikacheka pale njiani peke yangu. Bei nayo nafuu.

Nimeificha kwenye matambara ya cherehani.


Jumatano, 7 Septemba

Mjinga mimi.

Kitufe chekundu hakimo. Kile chekundu nilichokiona ni cha redio. Ningejaribu kurekodi palepale, lakini nilishikwa na fidla. Na jana jioni mawe yalipoanza kulegea, mwimbaji akawa analala katikati ya neno. Mawe mapya! Siku moja!

Nimerudi kwa yule kijana. Wa bara, ulimi mwepesi. "Madhe, hiyo ni ya kusikiza tu. Ulisema unataka ya kuongea?" Sikusema, kweli. Nikamtolea ukali hata hivyo, watu wakajaa. Mwisho kanirudishia nusu ili nimwondokee. Nimeshona mabuibui usiku na mchana kwa nusu hiyo iliyopotea. Nina hasira na yeye, lakini zaidi na nafsi yangu.


Ijumaa, 9 Septemba

Changamwe. Fundi mmoja kaniambia huko huuzwa vitu vya mabaharia, imara, vya Kijapani halisi. Mama kaniuliza naenda wapi. Nikasema nyuzi. Akanitazama. "Siku hizi nyuzi zauzwa mbali."

Ninayoitaka nimeiona. Nzito, nyeusi, kitufe chekundu kipo. Nikasema nijaribu. Mwenye duka hataki. "Ujaribu nini, mama? Hiyo orijino." Nikasema sinunui kitu nisichokisikia. Akasema basi niingie chumba cha nyuma, ndiko kwenye umeme. Macho yake sikuyapenda. Nikatoka.

Mlangoni nikakutana uso kwa uso na Mwanamisi, jirani yetu. Hakuuliza kitu. Ndiyo mbaya hiyo. Angeuliza ningemjibu.


Jumamosi, 10 Septemba

Habari imefika kwa Mzee kabla ya jua kupanda. Kaniita barazani. Hakupaza sauti, yeye hapazi. Kasema mke wa mtu hazururi Changamwe kwenye maduka ya mabaharia wakati mumewe yuko ugenini anajitafutia. Kasema nisitoke tena bila ruhusa. Nikasema naam, Mzee.

Watu wakianza kusema, Bakari atasikia. Hapo kanda yangu itamkuta na masikio yamejaa maneno ya watu.

Naogopa.


Jumapili, 11 Septemba

Tumejaza kanda. Mzee kaongea sana, mambo ya mabati, mbao na fundi. Kamwambia atie sahihi, asisite, baraka za wazee ziko naye. Mama kasema, "Nasi twakuombea, mwanangu, kaa na kazi yako." Kasema haraka, kama anayesoma. Ami, majirani.

Nikasogea. Nikasema, "Assalamu alaykum, Bakari," na kitufe kikaruka. Kanda imekwisha. Mzee kasema si kitu, kashasikia sauti yako.

Kashasikia!


Jumatatu, 12 Septemba

Leo asubuhi Mama kamwambia Mzee mbele yangu kwamba nina nguo ya mteja Kongowea, ya harusi, na isipofika tutasemwa. Mzee kakubali. Nguo ipo tayari, ni kweli, lakini ni ya wiki ijayo. Mama ajua hivyo, yeye ndiye aliyepokea kitambaa. Sijui kwa nini kasema vile. Sikungoja kujua, nikatoka.

Baada ya kupeleka nguo nikaingia duka la Bwana Twahir, mzee wa ukoo wa wafanyabiashara, kofia ya kushona kwa mkono, haraka hana. Nikamwamkia shikamoo. Nikamwambia moja kwa moja: nataka inayoshika sauti, isiyotafuna kanda, na nitajaribu hapahapa. "Jaribu, binti yangu. Kununua ni kujaribu." Katoa tatu.

Ya kwanza nzuri kwa sura, lakini nikiitikisa sauti inayumba. Mkanda wa ndani umelegea, naujua mlio huo kwa cherehani. Ya pili inashika sauti lakini inavuma kuliko mtu anayeongea. Ya tatu imetumika. Rangi imechunika, kifuniko kina ufa, kitufe chekundu kimekuwa cheupe kwa vidole. Nikarekodi, "Mwanasha, Mwanasha, moja, mbili." Nikasikiliza. Nikaigeuza, nikatembea nayo dukani, nikaitikisa. Sauti haikuyumba. Nikarudisha kanda mbele na nyuma mara kadhaa. Haikutafuna. Bwana Twahir kasema mbaya ya sura ndiyo iliyomtumikia mwenyewe bila kuvunjika, na kama itanisumbua nimrudishie. Nikalipa. Kanitilia mawe bure.

Alasiri Mzee kalala, Mama kaenda matangani kwa jirani. Nikafunga mlango, nikakaa kwenye cherehani bila uzi, nikawa nakanyaga ili nje isikike kazi. Na huku naongea, wokmani kidevuni. Nimesema yote. Kwamba nyumba ina kuta na kuta zatosha, tutaezeka makuti. Kwamba mtoto hamjui. Kwamba nimekonda. Kwamba asitie sahihi. Nimelia kidogo, cherehani imenisitiri.

Nimeirudisha kanda mwanzo, nikasikia. Yote imo. Nikairudisha tena mwanzo. Nimelala usingizi wa mchana, jambo ambalo silifanyi.


Jumanne, 13 Septemba

Mama kaiona.

Nilikuwa kisimani. Niliporudi amekaa kwenye kiti changu cha cherehani, wokmani mapajani, matambara chini. Ndoo nusura iniponyoke. Nilidhani ndio mwisho, nitarudishwa kijijini kwetu Shika Adabu na vyombo vyangu.

"Hiki chashika sauti?"

"Naam, Mama."

"Na atakayesikia ni yeye tu?"

"Yeye tu."

Nje kuku walikuwa wanagombana. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Nikamwonyesha kitufe kile kilichochunika, na cha kando yake, vibonyezwe pamoja. Nikamwambia angoje, nikimbilie dukani nimletee kanda tupu. Nikakimbia bila hata kujifunga buibui vizuri. Duka la kwanza halina, nikaenda la pili. Niliporudi na kanda, Mama alikuwa kashatoka chumbani, anakuna nazi, macho mekundu. Kasema vitunguu. Nazi na vitunguu!


Jumatano, 14 Septemba

Kanda ni ileile. Mama hakungoja. Kabonyeza na kanda yangu ikiwa ndani, imesimama pale mwanzo nilipoirudisha.

Nimejua leo asubuhi nilipotaka kuihakikisha kabla ya kuishonea mfukoni. Nimeweka masikioni, nikategemea kusikia cherehani na mimi. Nikasikia kuku, halafu Mama. Ningezima. Maneno ya mama na mwanawe hayanihusu. Sikuzima.

Hasemi kama anavyosema sebuleni. Anaanza na kumwita jina la utotoni, ambalo sikulijua. Anasema babake asisikie. Anasema paa si kitu, yeye ameishi chini ya makuti miaka yote na hakuwahi kulowa mara mbili mahali pamoja. Anasema macho yake yanaingia ukungu na anataka kumwona mwanawe kabla hayajafunga. Anasema, "Na huyu mke wako amekuwa mwembamba kama uzi wake, hasemi, mimi namuona. Njoo, baba. Usitie mkono wako kwenye karatasi ya mtu." Kisha analia, na halii kwa siri.

Anaendelea mpaka karibu na mwisho wa upande. Kisha kitufe, kisha ghafla cherehani, na mimi, mkia tu uliobaki: "...hilo tu, Bakari. Nimechoka kukusikia na watu."

Yote mengine yangu yamefutika.

Nilikasirika kwanza. Nakiri. Maneno yale sitayapata tena vile yalivyokuja. Nina kanda tupu, mawe bado yana nguvu, Mzee amekwenda msikitini. Nilikaa kwenye cherehani, nikabonyeza, nikafungua kinywa. Ningeanza na nini? Kashasema. Na mimi Bakari angeweza kunibembeleza, subiri kidogo mke wangu. Yule hawezi kumwambia subiri.

Nimezima. Nimeishonea kanda ya Mama katika mfuko wa kanzu, na mkia wangu. Sikumwambia kwamba amenifuta. Sitamwambia.


Alhamisi, 15 Septemba

Salim kapita asubuhi. Mzee kamkabidhi kanda ya nyumba, mimi kanzu. Mama kaipapasa kanzu juu ya mfuko, kaikunja upya, kamuombea dua ya safari.

Kaondoka.


Ijumaa, 30 Septemba

Mwisho wa mwezi. Leo katia sahihi au hajatia. Nimeharibu mkono wa buibui, nimeukata mara mbili. Mama kaunguza wali. Mzee kauliza kuna nini na wanawake wa nyumba hii.


Jumapili, 16 Oktoba

Kanda imekuja na msafiri mwingine. Sebule ilijaa. Kasalimu kwa zamu, babake, mamake, ami, wote. Kisha kamwomba babake radhi. Hakutia sahihi. Anarudi kabla ya mfungo, atatafuta udereva hapahapa bandarini. Nyumba itaezekwa kwa kinachopatikana.

Mzee kazima redio kabla salamu yangu haijafika. Kauliza nani kamtia mwanawe maneno. Katutazama mmoja mmoja, kanitazama mimi zaidi. Mama kasema, "Mtu mzima yule. Ana akili zake." Kainuka, kaenda kutazama mchele.

Jioni Mzee alikwenda msikitini bado amekunja uso. Mama kaniita chumbani. Kaitaka wokmani. Nilidhani anataka kurekodi, kumbe anataka taarabu. Nikatia kanda ya taarabu, nikamvalisha vya masikioni juu ya mtandio, nikabonyeza. Akashtuka, akashika kiti. Kisha mabega yakalegea. Akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa.

"Mwanasha!" akapiga kelele, maana hajisikii. "Kumbe mtu aweza kusikia peke yake!"

Mtaa mzima umemsikia. Nikamwambia apunguze sauti, hakunisikia. Nikamwacha, nikaenda kumwosha Zuhura miguu.