Kikopo cha Mama Naserian

Dada Neema, shikamoo. Babati kuna baridi, na chai ya hapa maabara ni tangawizi tupu.

Leo Mama Naserian, mfugaji wa Simanjiro, alinikabidhi kikopo cha makohozi amekifunika kwa shuka. "Nimeleta kidogo, mwanangu, naona aibu." Nikamwambia mashine itanakili DNA ya vijidudu vya TB, moja iwe mbili, mbili ziwe nne, mpaka ionekane, kwa hiyo kidogo kinatosha kuanzia. Hata kidonda kinapopona, mwili hufanya vivyo hivyo: kila seli hunakili DNA yake ndipo igawanyike.

Majibu yakatoka: ana TB, na dawa ipo. Akaushika mkono wake uliokonda. "Basi hata hiki kidogo cha mwili nilichobakiwa nacho kinatosha kuanzia."

Nikakuwaza wewe, ulivyokonda tangu upasuaji. Kunywa uji, dada, hata vijiko viwili. Vinatosha kuanzia.

Mdogo wako, Elia